Kibubu Kilichotimia

Picha ya Ndege, Kibaha
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Maneromango, na lile jicho lililofanyiwa operesheni sasa linasoma lenyewe bila kumwita jirani. Sisi huku hatujambo, ila mimi kichwa hakijatulia tangu Ijumaa. Barua hii nimempa jirani yangu Aneth, anayekuja huko, akuletee mkononi, kwa sababu simu katika chumba kimoja ni ya watu wawili, na haya sitaki mume wangu Latifu ayasikie.

Unakumbuka nilivyokuwa naitaka friza ya kuuzia barafu na juisi. Latifu alileta habari ya duka moja huko Mkuza linalokopesha: unatanguliza kidogo, zilizobaki unalipa kila wiki. Nikamjia juu. Nilimwambia nimeona watu wa mikopo ya kausha damu wakibeba kitanda cha jirani mchana kweupe, godoro likiwa bado na shuka, na kwangu hawatakanyaga. Nikamwagiza Badru seremala kibubu cha mninga, nikaapa kutumbukiza elfu mbili ya mauzo ya maandazi kila siku mpaka itimie laki nane na nusu. Kila Latifu alipougusia mkopo nilimwambia mvumilivu hula mbivu. Mama, nilimchosha mtoto wa watu.

Ijumaa ikatimia miezi kumi na minne. Latifu akaleta nyundo ya gereji, tukakivunja, tukahesabu pamoja mkekani. Laki nane na nusu, haikupungua hata mia. Akasema tu, "Hesabu yako imetimia," akarudi kwenye pikipiki zake. Mimi nikabaki nimekaa, sielewi kitu. Wenzangu huibiwa hela kwa uchawi wa chuma ulete, mimi nimeletewa.

Maana hela hizo hazikutakiwa kutimia. Mle ndani nilitegemea laki tano na nusu tu, na nilikuwa nimeshajiandaa kulia na kuwasingizia panya.

Nikazikunjua upya, moja moja. Mimi hutumbukiza elfu mbili mbili, lakini humo mlikuwa na noti thelathini za elfu kumi, zina madoa ya oili. Hapo nikakumbuka kwamba siku nyingi Latifu hajaitaja ile mashine ya kujazia upepo aliyokuwa akiidundulizia. Siwezi kumuuliza. Nikiuliza hizi zimeingiaje, itabidi niseme zile zilitokaje. Friza haijanunuliwa, hela nimezifunga kwenye kanga, na kila akiuliza twende lini dukani nasema kesho. Sijui kama nimefurahi au nimeogopa.

Sasa nikwambie ukweli, na unisamehe. Ile laki tatu ya jicho lako, niliyokwambia katoa Latifu, hakuitoa. Niliichokoa mimi kwa kisu kwenye tundu la kibubu, siku tatu mfululizo, yeye akiwa kazini. Si kwamba angekataa. Niliona aibu, mimi niliyejitangaza mtaa mzima kwamba hela ya kibubu haiguswi. Nikakusihi usimpigie, nikadanganya kwamba hapendi kushukuriwa. Lakini nakujua, Mama, huwezi kutendewa wema ukanyamaza. Nahisi ulimpigia, ukamshukuru kwa laki tatu, ukamwombea dua ndefu, naye akaitikia amina bila kujua ni laki tatu ipi. Kisha akaja akakitikisa kibubu, akaelewa. Akanifichia aibu yangu miezi yote hii, na kila nilipomhubiria uvumilivu alikuwa akinitazama tu.

Kama ndivyo, usinifiche. Halafu mpigie tena. Mara ya kwanza ulimshukuru kwa hela ambayo hakuitoa, sasa ameitoa. Piga jioni akishatoka kazini. Nitakuwa nimekaa karibu yake, labda nami nitapata pa kuanzia.

Kaka Omary na shangazi Kidawa wape salamu zangu, na lile jicho ulipumzishe ukimaliza kusoma.

Mwanao anayekupenda,
Rahma