Kijia cha Mama Mkwe na Kiwanja Chetu

Kisangani, Alhamisi, 1956

Mvua ya alfajiri ilikatika mapema, jua likashinda likikausha matope barabarani. Moyo wangu umetulia, ila ni ule utulivu wa mtu aliyekwisha kuamua jambo linalomuuma.

Wiki hii nzima ofisini nimekuwa na ramani moja tu, ya kuonyesha mahali salama pa kujenga kituo cha mafuta ya motokari mtaani kwetu. Mpimaji mkuu alikwisha kuchomeka kigingi kwenye njia panda, karibu na mabanda ambamo jamaa za wavuvi wa maporomoko hukausha samaki kwa moshi. Akaniagiza nichore duara kuzunguka kila banda lenye moto. Kigingi kikiangukia nje ya maduara, basi pale panafaa.

Nilichora. Kigingi kikabaki nje, kwa nafasi nyembamba, lakini nje. Nami nilifurahi, kwa sababu wakikosa njia panda, watatafuta kwingine kando ya barabara hiyo hiyo, na hapo ndipo kilipo kiwanja tulichoahidiwa mimi na Veronika, mke wangu. Matofali yetu yamepangwa pale tangu kiangazi. Nilikichagua kwa sababu moshi haufiki. Veronika alikulia katika mabanda yale, na macho yake yanamwasha hadi leo.

Asubuhi nilikwenda njia panda kuhakikisha vipimo. Mama mkwe akawa anakuja kwa kijia. Nyumbani kwetu Maniema nililelewa hivi: mkwe akipita, mpishe na uinamishe macho. Nimefanya hivyo tangu nioe. Veronika hunitania kwamba namjua mama yake kwa miguu, na siku akinunua viatu vipya nitampita bila salamu.

Basi nikapisha, nikatazama majani. Kaa la moto likaanguka mbele ya kiatu changu, likatoa mvuke.

"Bokilo, angalia! Moto yangu iko chini," akasema mama mkwe, kwa jina lile wanaloitana wakwe hapa.

Akachutama, akaliokota kwa vijiti viwili, akalirudisha kwenye kigae chake, akaenda zake.

Nilibaki nimesimama. Moto wa banda ukizimika, wanawake hawapotezi kiberiti, wanakwenda kuomba kaa kwa jirani, hata ng'ambo ya barabara. Nani asiyejua hilo? Hata mke wangu hufanya hivyo. Ila sikuwahi kuuona moto ukipita hapa, kwa kuwa wanaopita hapa ni wakwe zangu, na wakwe zangu siwatazami.

Nilipima njia yao huku nimeinamisha macho.

Watu husema penye moshi pana moto. Mtaani kwetu hata pasipo moshi moto upo, umo njiani mkononi mwa mtu.

Nikarudi ofisini, nikachukua wino mwekundu, nikachora vijia vyote wanamopitisha makaa. Kimoja kilipita juu ya kigingi chenyewe. Nilichora taratibu, nikitumaini wino utakwisha. Haukwisha. Mwishowe kando ya barabara pakabaki mahali pamoja tu peupe.

Kiwanja chetu.

Ningeweza kukiacha kijia kile kimoja cha kwenye kigingi. Nani angejua? Nililigeuzageuza wazo hilo mpaka wenzangu wakafunga meza zao. Lakini kila nilipoinua mkono nisikichore, niliuona ule mvuke. Leo kaa liliangukia kwenye majani mabichi. Siku nyingine litaangukia mafuta, na miguu nitakayoikosa kijiani naijua ni ya nani. Nikakichora.

Jioni nikamweleza Veronika. Alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, akasimamisha mchi.

"Donc, esanse watatia kwetu?"

"Ndiyo, kituo cha mafuta kitakuwa kwetu."

"Na mama atapita na moto yake sawa kila siku?"

"Atapita."

Akaupangusa mchi kwa kiganja.

"Bon. Matofali haina mizizi. Tutabeba."

Kisha akaendelea kutwanga pondu ambayo ilikwisha kulainika zamani. Nilitaka kumshika mkono, nikaona aibu, nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Naumia, nisijidanganye. Nilikwisha kujiona nimeketi barazani pale, na Veronika anafua nguo zisizonuka samaki. Kiwanja kingine tutapewa lini, na upande gani wa upepo? Sijui.

Kesho mpimaji ataitandaza ramani mezani. Akiuliza pale peupe ni pa nani, nitamjibu nikimtazama usoni: si pa mtu, hapo weka kituo.