Picha Zilizofunguka Rombo

Jumapili jioni, Kitengela

Zimefunguka! Wiki nzima nimemtumia nyanyake Naserian picha nilizopiga kwenye harusi ya mjukuu wake huyo, ambayo hakuweza kufika, na simu yake huko Rombo inazikataa. Zilikuwa faili ghafi za kamera. Leo nimezigeuza kuwa JPEG. Niliogopa zitaharibika, lakini hata shanga zinaonekana moja moja.

Mara Naserian akanipigia, analia. "Huyo mzee kwa geti kwenye picha, Nyanya anasema ni Lemayian, kijana wake aliyepotea kabla nizaliwe."

"Ana uhakika?"

"Anasema hiyo kovu ya uso anaijua hata gizani."

Nikaifungua ile picha tena. Namkumbuka huyo mzee! Aliniomba picha moja tu ya bibi harusi, akaniachia namba yake.

Nimewapa hiyo namba. Sasa hivi mama na mwanawe wanaongea.