Mwezi Ule Programu Iliponunuliwa

Jumatatu, 5 Mei
Nimelehemu mota ishirini na nne tangu asubuhi. Macho yanawasha. Mvua kutwa nzima, na karakana inavuja pale pale karibu na mlango. Nimeweka sufuria.

Salim yuko upande wake, kompyuta mapajani, haongei. Miaka tisa tuko hivi. Mimi natengeneza gari lenyewe: bati, magurudumu, mota, betri. Yeye anatengeneza akili yake. Mtoto anashika simu ya mwalimu, anapanga amri kwenye programu ya bure tuliyoipata mtandaoni, na roboti yetu inatembea. Shule kumi na saba zina klabu, zote kwa magari yetu. Si jambo dogo, ingawa leo naliona dogo.

Nina miaka arobaini na sita na magoti ya bibi kizee.

Alhamisi, 8 Mei
Barua pepe. Ile programu imenunuliwa. Kampuni kubwa ya ng'ambo, wale wa programu za ofisi na za simu. Sasa wanataka kuuza roboti za nyumbani na za watoto. Kuanzia Juni programu itaendesha roboti zao tu. Nyingine zote itazikataa. Wametushukuru kwa uaminifu wetu.

Salim aliisoma kwa sauti mara mbili. Akafunga kompyuta, akaenda kuswali. Mimi nikaendelea kulehemu kwa sababu mkono ulikuwa umeshashika kasi. Mota mbili nimeziunganisha kinyume.

Ijumaa, 9 Mei
Nimepigia shule tano kuwaeleza. Siwezi kupiga ya sita.

Jumanne, 13 Mei
Kampuni walituita Milimani, kwenye nyumba ya wageni yenye bustani. Mwanamke mmoja wa ofisi yao ya Nairobi, mpole, viatu safi na matope yote haya. Akaweka roboti yao mezani.

Nilitaka iwe mbaya. Si mbaya. Inasikia sauti, inakwepa vikombe, ikianguka inajiinua. Yetu ikigonga ukuta inaendelea kuusukuma ukuta.

Wanataka niwe wakala wao, Naivasha mpaka Molo, na nisitengeneze zangu tena. Salim wanamtaka Nairobi, afundishe walimu. Mkataba. Bima ya familia yote.

"Hatukuja kuwamaliza, madam," akasema. Nadhani aliamini.

Nikauliza kama inatembea bila mtandao. Akasema mtandao utafika kila mahali, ni suala la muda tu. Chai yao ilikuwa nzuri. Hilo pia limeniudhi.

Jumatano, 14 Mei
Nimewaambia hapana. Si ushujaa. Siwezi tu kuuza kitu nisichoruhusiwa kukifungua.

Salim hakuniambia yeye amejibu nini. Sikumuuliza.

Jumapili, 18 Mei
Kutoka kanisani nilimkuta Salim langoni kwangu. Alikataa kuingia.

"Dada Njambi, nimekubali ile kazi. Naanza mwezi ujao."

Nikamwambia aache ufunguo wa karakana. Hilo tu. Mtu niliyekula naye chakula cha mchana miaka tisa.

"Mtoto wa pili yuko njiani," akasema. "Na mimi pia nimechoka, dada. Si wewe peke yako."

Akauweka ufunguo juu ya ukuta, akaenda zake. Sikujua kwamba naye huchoka. Hajawahi kusema. Au alisema, na mimi nilikuwa nalehemu.

Alhamisi, 22 Mei
Bado anakuja mchana. Anasema anamalizia vitu vyake. Anaandika kwenye kompyuta saa mbili, tatu, halafu anaondoka. Hatusalimiani. Nadhani ni kazi ya hao mabosi wake wapya, na anaifanyia kwenye meza yangu. Nimeona nisiseme kitu. Nikisema, sitaacha.

Jumanne, 27 Mei
Shule nne za mjini zimeniaga. Kampuni imewapa roboti za kuanzia bure. Mwalimu mkuu mmoja alinieleza kwa heshima sana, kama mtu anayeleta habari za msiba.

Jumamosi, 31 Mei
Leo Mama Salim alipika chakula cha kumuaga mwanawe, kwao Bondeni. Alinialika mara tatu, mara ya tatu alikuja mwenyewe mpaka karakana, na mguu wake ule mbovu. Sikwenda. Nilibaki hapa nikitenga skrubu kwa ukubwa, kazi isiyo na haraka yoyote.

Saa nane simu iliita. Saa tisa ikaita tena. Ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Nimekuwa mtu mbaya. Naandika ili kesho nisijidanganye.

Jumatatu, 2 Juni
Imetukataa. Unawasha gari, unafungua programu, inaandika kwamba kifaa hakitambuliki. Mkono wangu mwenyewe ndio uliolilehemu, na halitambuliki.

Mwalimu Rono alipiga kutoka Kabazi. Klabu yake ni ya kwanza kabisa kununua kwetu. Watoto wake wataonyesha kazi yao mbele ya shule nyingine Jumatano ijayo.

"Madam, magari yote kumi yamekufa. Niwaambie nini watoto?"

Kampuni ilimpa roboti mbili za kujaribu. Zinazunguka kidogo zikitafuta mtandao, kisha zinalala. Kule hata kupiga simu lazima upande mpaka kwenye tangi la maji.

Nikasema anipe siku chache. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Sijui hata kuanza.

Alhamisi, 5 Juni
Nimefungua sanduku la mota. Juu kabisa kulikuwa na kadi ya memori imefungwa kwa karatasi. Mwandiko wa Salim. "Weka kwenye simu. Haihitaji mtandao wala akaunti ya mtu."

Sanduku hilo hulifungua kila asubuhi. Alijua nitaiona kadi kesho yake. Hakujua kwamba akiondoka sitaligusa siku tano.

Ni programu mpya. Ya kwetu. Mbele, Nyuma, Geuka, Ngoja, Rudia. Hayo tu. Na kurasa tatu za maelezo, kwangu mimi nisiyejua kompyuta, hatua kwa hatua: "Dada, hapa usibonyeze chochote. Ngoja taa iwe kijani." Nilibonyeza. Nikaanza upya. Mara ya tatu gari likaondoka, likavuka sakafu, likaingia chini ya meza yake.

Basi ndicho alichokuwa akiandika zile siku zote, na mimi nimempa mgongo.

Nimelia kidogo. Labda ni uchovu. Labda si uchovu.

Jumanne, 10 Juni
Kabazi. Barabara ni matope matupu, nusu ya mwisho nimeitembea na sanduku begani. Mwalimu Rono alinipokea na ndoo ya maji ninawe miguu.

Tumebadilisha programu ya magari yote kumi. Ilituchukua mchana mzima. Programu ya Salim ni nzito kidogo, na haiwezi yote ambayo ile ya zamani iliweza. Watoto hawakujali. Walilala kifudifudi sakafuni kuangalia magurudumu. Mmoja aliuliza nani ameiandika. Nikamwambia ni Salim, tumefanya kazi pamoja. Ni mara ya kwanza kulitaja jina lake kwa sauti tangu aende.

Mwalimu Rono aliuliza kama nitaendelea. Nikamwambia ukweli. Shule tisa zimeondoka, zimebaki nane, karibu zote za mashambani. Siwalaumu walioondoka. Ningekuwa mzazi wa mjini, ningetaka hiyo inayojiinua.

"Nane si haba," akasema.

Nane ni kazi nyingi kwa mtu mmoja.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya kanisa nimekwenda Bondeni. Nilisimama nje kwa muda. Mama Salim alinifungulia, akanitazama, akasema, "Karibu, mwanangu. Vua viatu, sakafu imepigwa deki sasa hivi." Hakutaja kile chakula. Alinimiminia chai, akaniwekea maandazi, akanisimulia habari za mguu wake na daktari wake.

Simu yake ikaita. Salim humpigia kila Jumapili. Waliongea kidogo, kisha akanipa simu bila kuniuliza.

"Salim," nikasema.

"Naam, dada."

"Magari ya Kabazi yanatembea."

"Yote?"

"Yote. Lakini moja linavuta kushoto."

"Hiyo ni mota. Si programu."

"Najua ni mota."

Nikasikia akicheka, kidogo, kwa pua, kama anavyocheka. Nikamuuliza mkewe anaendeleaje. Akasema miguu inamvimba. Nikamwambia aiinue juu ya mto akilala. Akasema atamwambia.

Sikuomba msamaha. Nilikuwa nimeupanga tangu kanisani, na haukutoka. Nikamrudishia mama simu yake.

Akanijazia kikombe kabla sijamwambia nimeshiba. Nikanywa.