Flashi Nyekundu ya Mama

Kibanda cha Kompyuta,
Mkabala na Fundi Viatu,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Hujambo? Shemeji hajambo? Na wanangu wawili, wameshapona mafua? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, goti linamsumbua asubuhi tu, likishapata joto linatii. Mimi mwili sina neno, roho ndiyo iliyougua, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, halafu ungenisamehe haraka, nami sitaki kusamehewa haraka.

Kwanza habari njema: kompyuta ya mama imepona. Ile iliyokuwa ikiwaka na kugomea kwenye maandishi meupe sasa inafika mwisho, mfumo mpya umekaa sawasawa, na barua na picha zake zote zipo. Nilifuata njia uliyosema ya kuigawa flashi sehemu mbili, ndogo ya kuwashia kompyuta na kuwekea mfumo, kubwa ya kuokolea vitu vya mama kabla sijafuta diski. Njia ni nzuri. Imeniuma kuandika hivyo.

Naomba ukumbuke siku ulipoieleza njia hiyo. Mama aliweka simu kwenye spika, mimi nimeshafungua mdomo, akaninyooshea kidole: "Hebu ngoja, Waya, tumsikilize mwenzio, yeye anajua." Miaka kumi na minne nashika bisibisi, mtaa mzima unaniletea mashine zake, kisha nasimama jikoni kwa mama kama mtoto wa darasa la kwanza, nafundishwa kugawa flashi! Wewe hukukosea, ulieleza kwa upole. Huo upole ndio ulionichoma zaidi.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hawakumjua mama yetu. Wewe hupo, na lako ndilo lililojaa nyumba. Nguo ulizomtumia hazivaliwi, zinaonyeshwa wageni. Mimi nilibadilisha bomba la jikoni kwa mikono yangu na sikusikia hata ahsante, labda kwa kuwa bomba halijatoka mbali.

Tena kila siku saa kumi alasiri simu inalia: "Waya, njoo unifungulie watoto." Nafunga kibanda, wateja wananuna, naenda kuchomeka ile flashi nyekundu uliyompa shemeji alete mwaka jana, yenye video za wanao. Mdogo anaimba, mkubwa anaanguka na baiskeli, wewe unasikika ukicheka. Mama ananishika mkono pale pale baiskeli inapoyumba, kila siku, na kuniuliza, "Umemwona?" Nimemwona, mama. Nimemwona mara mia mbili.

Sasa nisikilize vizuri. Kibandani nina kopo zima la flashi, na kazi ile ingefanyika kwa kadhaa kati ya hizo. Nikachukua nyekundu. Nilijiambia ndiyo yenye nafasi kubwa kuliko zote, na ni kweli, lakini sikuichukua kwa hilo. Kabla ya kugawa, programu ikauliza kama inavyouliza siku zote: vyote vilivyomo vitafutika, utaendelea? Mimi ndiye huwafokea wateja wasiosoma onyo hilo. Nililisoma, tena mara mbili. Nikabonyeza ndiyo.

Haikuwa bahati mbaya, mdogo wangu. Ulikuwa wivu.

Mama nikamwambia flashi imeungua. Akasema, "Basi, vitu huharibika," akaendelea kukunja nguo zake. Afadhali angenigombeza. Kesho yake saa kumi ikafika, simu kimya. Siku ya tatu hivyo hivyo. Mwaka mzima nilikuwa nautamani uhuru huo, lakini nilikaa na mashine ya mteja wazi mbele yangu, naitazama simu, hata sikumbuki nilikuwa nafunga skrubu ipi. Fundi viatu akaja kuniuliza nimefiwa na nani.

Siku ya nne nikaenda bila kuitwa. Mlango ulikuwa wazi, mama ameketi mezani, amenipa mgongo. Akawasha kompyuta mwenyewe. Akaandika nywila kwa vidole viwili, haraka haraka. Akatoa ile flashi nyekundu kwenye mfuko wa begi la kompyuta, nilikoisahau kama mjinga, akaichomeka. Akafungua sehemu ya kwanza, akaona mafaili ya mfumo, akaifunga. Akafungua ya pili, ambayo ilikuwa tupu kwa kuwa vitu vyake nilisharudisha kwenye kompyuta. Akaitazama kwa muda. Halafu akaitoa kwa utaratibu, kwa kubonyeza kwanza pale pa kuiondoa salama, jambo ambalo hata wateja wangu wasomi hawalifanyi.

Kumbe mama anajua kufungua! Na kwa jinsi kipanya kilivyokuwa kikimtii, hakujifunza juzi. Sijui nani alimfundisha. Kama ni wewe, usiniambie.

Nikarudi nyuma hatua tatu, nikapiga hodi kwa sauti. Nilipoingia, flashi haikuonekana.

"Karibu, Waya. Njoo unifungulie."

"Nikufungulie nini, mama, na flashi imeungua?"

"Chochote. Kaa hapo."

Nikamfungulia picha zake za zamani. Tukakaa mpaka saa kumi na mbili, na mkono wangu hakuuachia.

Kwa hiyo anajua haikuungua. Hakusema, nami bado sijasema. Nitamwambia wiki hii, ila nimetaka wewe ujue kwanza, maana video zilikuwa zako. Nisamehe, lakini taratibu.

Tafadhali zitume upya. Flashi niliikuta baadaye imerudishwa kwenye mfuko wa begi; ile sehemu ya pili nimeiacha wazi na nimeipa jina WATOTO. Zikifika nitaziweka kwa mkono wangu huu huu. Nisikudanganye, wivu haujaisha. Ukimtumia nguo nyingine nitanuna siku mbili. Kufuta sitafuta tena.

Nisalimie sana shemeji na wanangu. Mwambie mkubwa kwamba mama mkubwa wake anataka kumwona akifika mwisho wa njia bila kuanguka. Shangazi anakusalimu, na fundi viatu pia, anasema kiatu chako kimoja bado anacho. Mungu awatunze, awape afya na usingizi mwema.

Neno la mwisho. Ukiongea na mama, chonde chonde, usimwambie kuwa nimejua anajua kufungua. Nataka kesho saa kumi aniite.

Wako akupendaye, pamoja na kijicho changu chote,
Dada Waya