Belén na Keki Yake

Uruapan, Meksiko, 4 Machi

Mzazi mwenzangu Rosaura,

Salamu kwako na kwa mama. Goti lake linamsumbua bado? Mimi mzima, ni mafua tu, darasa zima linanipigia chafya usoni. Barua hii naitia kwenye begi la Belén kwa sababu nikitoka shule wewe umeshaingia kiwandani kwenye maparachichi yako, na simu hupokei.

Belén hasemi. Tangu ile sherehe yake ya kutimiza miaka mitano hajatoa neno darasani. Akitaka kwenda chooni ananivuta nguo, na jana nilichelewa kumwelewa, akajilowesha mbele ya wenzake. Huyu ndiye aliyekuwa ananipokonya hadithi na kuimalizia mwenyewe! Kuna nini huko nyumbani? Usimchape, nakuomba kama mwalimu wake, na kama mama yake wa ubatizo.

Mzazi mwenzako,
Nohemí

7 Machi

Mzazi mwenzangu Nohemí,

Salamu zimefika. Goti la mama ni lile lile na ulimi wake ni ule ule. Pole na mafua.

Uliponiuliza kuna nini nyumbani nilicheka peke yangu kwa hasira. Kwani hukuwepo kwenye sherehe? Wewe ndiye unayewafundisha kunyoosha mkono, kumtazama mkubwa usoni na kusema "sitaki". Hiyo sitaki yako imenichosha. Sitaki kuoga, sitaki supu. Shangazi alikuja, Belén akakataa kumbusu, na mama akaniambia mbele ya mgeni, "Unalea mtoto au unalea punda?" Nikavumilia, nikasema mwalimu anajua.

Ikaja keki. Watu wote wakaanza, "Ang'ate! Ang'ate!", kama tunavyofanya siku zote. Mimi nilizamishwa uso kwenye keki utoto wangu wote na sikufa. Kaka yangu Chuy akamshika kisogo amsukumie uso kwenye keki. Mtoto akanyoosha mkono, akasema "sitaki", akarudia. Hakuwa anamwambia Chuy. Alikuwa anakutazama wewe. Na wewe ulikuwa unapiga makofi na kupaza sauti kuliko sisi wote.

Alipoinuka kwenye keki na krimu puani akilia, nikamlazimisha ambusu mjomba wake na kumwomba radhi kwa kuwaharibia watu furaha. Hilo ni langu, silikatai. Lakini usiniulize tena kuna nini nyumbani.

Nimechoka. Mama ananifundisha kulea, shule inanifundisha, hata majirani. Anayerudi kazini miguu imevimba na kumkuta mtoto amenuna ni mimi peke yangu.

Mzazi mwenzako,
Rosaura

20 Machi

Mzazi mwenzangu Rosaura,

Hujambo? Mafua yamekwisha, ila mwenyewe sijatulia. Nimekaa kimya kwa sababu kila nilichoandika nilikichana. Nilikukasirikia kweli. Nilitaka kukwambia sherehe ni sherehe na darasa ni darasa, na kwamba kila mtu alikuwa anacheka. Halafu nikiingia darasani namkuta amekaa, ananitazama kwa macho yale yale ya siku ile.

Leo niliwaketisha wote mkekani, nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia, "Belén, ulisema sitaki, na mimi nikapiga makofi. Nilikukosea. Utanisamehe?"

Akafikiri. Emiliano, aliyeketi ubavuni mwake, akamsukuma kwa kiwiko, "Sema ndiyo bwana, mwalimu analia."

Belén akasema, "Hapana." Kisha akaenda zake kuchezea maji.

Neno lake la kwanza tangu sherehe, na ndilo hilo. Wenzake wote walinikodolea macho waone nitafanya nini. Nikasema, "Sawa, Belén." Imeniuma, Rosaura, usidhani haikuniuma.

Mzazi mwenzako,
Nohemí

25 Machi

Mzazi mwenzangu Nohemí,

Hatujambo hapa, ingawa mama hanisemeshi tangu Jumapili.

Chuy alikuja baada ya misa, tukiwa tumeweka chungu cha supu ya pozole motoni. Akainama, shavu tayari. Belén akarudi nyuma na kusema, "Sitaki." Chuy akanitazama, mama akanitazama. Nilikuwa nayo maneno mdomoni kabisa: mbusu mjomba wako, usinitie aibu. Nikasema, "Umemsikia, Chuy."

Akaniambia walimu wamenigeuza kichwa, akaondoka bila kula. Na ndiye anayenipeleka kazini kwa pikipiki, kwa hiyo jana nilitembea na leo nimetembea. Sina hakika kama nilifanya vizuri. Nina hasira na wewe, nina hasira na Chuy, na kidogo hata na mtoto.

Jioni ile Belén alinifuata jikoni na kuanza kunisimulia kisa cha sungura, kisa kisicho na kichwa wala miguu. Alisimulia nikiosha vyombo, akasimulia nikikunja nguo, mpaka masikio yakaniuma. Sikumwambia anyamaze.

Mzazi mwenzako,
Rosaura