Dirisha la Mzee Donali

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na sasa unaswali kwa kusimama. Mimi mzima, ila nina habari ya msiba. Usimsomee Shangazi barua hii kabla hujaimaliza mwenyewe, unamjua alivyo mwepesi wa kulia.

Mzee Donali amefariki. Ni yule mzungu wa Ayalandi niliyekusimulia, mwenye shamba la viazi ninakofanya kazi, mbele ya mji wa Malvern, huku Afrika Kusini. Alikuja huku kijana, akapewa kipande kilichojaa mawe ambacho wenzake walikikataa. Akayang'oa kwa mikono, akayapanga kuwa ukuta bila saruji, kama kwao. Hakuoa. Kwenye viazi alikuwa mkali kama pilipili, lakini chai hakunywa mpaka na mimi nipate kikombe.

Tangu aanze kuumwa alinisisitizia jambo moja. "Yusufu, nikifa, kabla hujamwita mtu, fungua dirisha. Roho ipate njia." Nikamjibu kwa mzaha kwamba yeye ndiye atakayenizika.

Alhamisi asubuhi nilimpelekea chai, nikakuta ameshakata roho. Nikamfumba macho. Dirisha likagoma, mbao zimevimba kwa mvua. Nikatoka nje na mtaimbo, nikalibandua. Sipho, mlinzi wa jirani, akaniona. Mgeni, mtaimbo mkononi, dirisha limevunjwa, ndani maiti. Mama, hata mimi ningeita polisi.

Wakaja wawili.

"Dirisha umevunja wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Aliniagiza. Roho ipite."

Wakatazamana. Mmoja akachomoa pingu. Mkojo ulinitoka, sikufichi. Nilikuwa nakuona wewe tu, ukiambiwa na watu baki kwamba mwanao ameua.

Yule wa pili akapiga namba iliyobandikwa kwenye friji, ya dada yake Mzee huko Ayalandi, akaweka spika. Akampa taarifa. Bibi wa watu akauliza neno moja tu: "Kuna mtu aliyemfungulia dirisha?"

Mwenye pingu akalitazama dirisha nililolibandua. Pingu zikarudi kiunoni.

Tumeshamzika. Shamba sijui litakuwa la nani, na gari likipunguza mwendo pale getini nadhani wamekuja kunifukuza. Lakini hofu iliyonikaa ni nyingine. Mzee alikuwa na mimi. Mimi huku nina nani?

Jana Sipho alikuja na mkate kuomba radhi. "Eish, braza, nilidhani mwizi." Nikamsamehe. Kisha nikamwingiza chumbani kwangu, nikamwonyesha upande wa kibla.

"Mauti yakinikuta, nilaze ubavu wa kulia, uso huku."

Hakucheka. Akaokota mkaa, akaweka alama ukutani asije akasahau.

Msalimie Shangazi, na kaka Rajabu anayenitunzia mbuzi. Kila nikilala naiona alama ile. Niombee nisiihitaji, Mama.

Mwanao,
Yusufu