Malenge na Matofaa kwa Mama

Jumapili jioni, Oktoba

Mama amekula. Bakuli zima, nami niliogopa hata kumtazama, nikajifanya napangusa jiko.

Tangu tumzike Baba na nimlete Mama hapa Lanham, ughaibuni, amekuwa akiishi kwa chai na kipande cha mkate. Ugali anausukuma kando. Kazini nashinda nikiwalisha wazee wa watu, halafu narudi nyumbani namkuta mama yangu mwenyewe hajaonja kitu. Hilo limeniuma, na sijamwambia mtu.

Leo nilichemsha malenge, matofaa mawili, kitunguu na tangawizi, nikasaga yote pamoja. Dirisha likajaa mvuke, na majani mekundu ya mti wa nje yakawa kama yanaelea humu ndani. Kwa muda nikasahau niko wapi.

Mama akatoka chumbani na leso yake mabegani, akavuta kiti.

"Nani alikufunza kutia matunda kwa supu?"

"Nimejaribu tu, Mama."

Akaonja, akachota tena.

"Baba yako angeikataa hii," akasema. Akacheka kidogo, akalia kidogo, akaendelea kula.

Binti yangu Neema akamwuliza kwa Kiingereza kama anataka nyingine. Mama hakungoja nimtafsirie. Alimsukumia bakuli.

Kesho niko zamu, atashinda peke yake, na hilo bado linanitisha. Lakini sasa hivi namsikia sebuleni akimfunza Neema jina la malenge kwa lugha ya kwetu. Neema anakosea, wanacheka, anarudia.